Shati la Rubeni kwenye Magurudumu ya Trekta

Mpendwa mama mshauri,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie, maana hapa kijijini sina wa kumwambia. Mwaka jana tulihamishwa kutoka kwetu mlimani juu ya Soni tukaja kijiji hiki cha ujamaa, na mume wangu Rubeni alipanda paa mwenyewe akang'oa bati moja moja tuje kuezekea huku, lakini mvua ikatuwahi, akapata kichomi, mwezi wa tatu tukamzika. Basi kikundi chetu cha akina mama kikaamua kushona mfarishi mkubwa wa picha wa kutundika ofisi ya kijiji, wanawake kumi na wawili, kila mmoja apewe kipande cha kitambaa cha marekani ashonee juu yake picha ya maisha yetu, na mimi nikakata shati la marehemu, lile la mistari ya buluu, nikamshona Rubeni akiwa juu ya paa ameshika bati, nikakunja kingo ndani zisichanike, nyuzi nikazificha kwenye mistari, hata kiwiko chake kilivyokuwa kinapinda nilikipata, nikalia nikishona lakini kilio kile kilinipumzisha.

Kazi ya kuunganisha vipande alipewa wifi yangu Esta, dada wa marehemu tumbo moja, kwa kuwa ndiye mwenye cherehani. Siku mgeni wa wilaya alipokuja, mfarishi ukafunuliwa, nikatazama kipande changu, Rubeni simwoni. Paa halipo, mtu hayupo, kuna trekta, na kijiji chetu hakijawahi kuona trekta, na magurudumu yake mawili ni shati la mume wangu! Mgeni akauliza, "Trekta hili zuri kalishona nani?" Esta akajibu, "Wifi yangu Yudith." Wakanipigia makofi, nami nikainama nikasema asante.

Baada ya wiki Esta akaja kwangu na mfuko wa kifuani wa lile shati, ndio pekee uliobaki alipokata magurudumu. Akasema, "Wifi, niliogopa. Mtu anabomoa nyumba yake mbele ya mgeni, wangesema tunapinga kuhamishwa. Mfuko huu nimekuhifadhia." Niliunyakua nikautia motoni mbele ya macho yake, akapiga yowe kama siku ya msiba, nami nikafurahi. Tangu hapo hatusalimiani. Sasa furaha imekwisha, mama, sina tena hata uzi wa shati lile nyumbani, na Jumamosi ni zamu yangu kufagia ofisi, na mkasi nimeshaunoa. Nikikate kipande changu, au nifanye nini?

Yudith,
Usambara

Yudith,

Marahaba, mwanangu. Pole ya kufiwa, na pole ya kupigiwa makofi kwa jambo linalokuchoma. Wifi yako amekukosea, wala sitamtafutia kisingizio. Woga wake ungemleta mlangoni kwako aseme, "Picha hii inanitisha, tufanyeje?" Hakuja. Alishika wembe akamfumua kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini ule mfuko hakuuchoma Esta. Uliuchoma wewe ili umwumize, ukajiumiza. Usimtwike na huo. Na katika barua yako nzima mfiwa ni wewe peke yako, kama vile yeye hakuzika mtu.

Mkasi uweke chini. Ukikata, utatoboa kazi ya wenzako kumi na mmoja, na kesho utaitwa mharibifu. Waambie akina mama wa kikundi leo hii, wote wakiwepo, kwamba magurudumu yale ni shati la marehemu na unayataka. Sidhani kuna mwanamke atakayekunyima nguo ya mumeo. Yafumue taratibu, uzi kwa uzi, Esta akushikie kitambaa, na mahali pake mshonee kitambaa cheusi cha kaniki. Trekta liache hapo, na mtu akikusifia tena mwambie waziwazi, "Hilo si langu."

Yale maduara mawili yashonee ndani ya blanketi unalojifunika. Usijaribu kumkata tena Rubeni. Nguo haitatosha, utabaki na makombo.

Kumsamehe Esta sikulazimishi. Kumsalimia nakulazimisha, na uanze kesho asubuhi, mtoni, mbele ya watu.