Mshale Ulionyesha Baridi

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Nusura nimuunguze baba mkwe!

Si nilikuambia ile sensa ya joto la maji kwenye gari imekufa? Leo nikanunua mpya, nikasema nabadilisha mwenyewe hapa uani, fundi wa nini. Nimefika tu kutoka dukani na gari hilo hilo, nikafungua boneti. Baba mkwe akaja kuchungulia. Unamjua alivyo, uso wote ndani ya injini.

Akaniuliza, "Mwanangu, imepoa?"
Nikamjibu bila hata kugeuka, "Imepoa, baba. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaonyesha baridi."

Mshale unaonyesha baridi! Nimesema hivyo kwa mdomo wangu! Na mshale wenyewe si unaisikiliza hiyo hiyo sensa mbovu??

Nikazungusha spana. Sensa ikalegea kidogo tu, nikasikia fyuuu. Sijui hata niliwaza nini, nikamsukuma mzee kifuani kwa nguvu zote, akaanguka chali kwenye beseni la nguo. Maji ya moto yakaruka pale pale uso wake ulipokuwa. Pale pale, shoga.

Mume wangu huyo, mbio kutoka ndani. Anamkuta baba yake chini, mimi nimemsimamia na spana mkononi.

"Umempiga baba?!"

Aliyejibu ni mzee, bado yuko chali: "Acha maswali, lete maji baridi. Mkeo ameungua mkono."

Ndipo nikautazama mkono wangu. Wallahi, nilikuwa sijasikia maumivu yoyote.