Nilivyofeli Mtihani wa Urubani Mikumi

S.L.P. 37,
Mikumi, Kilosa.
9 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Domina,

Shikamoo. Habari za Bukoba? Magoti yako yanaendeleaje? Mimi nipo hai, ila mbavu mbili zimevunjika, na uso umevimba hadi mama alinipita wodini bila kunitambua.

Nisikuzungushe, shangazi. Jumanne nilikuwa na mtihani wa urubani, na nimeangusha ndege.

Masharti yote nilikuwa nayo kichwani: kimo kisiyumbe zaidi ya futi mia, magurudumu yaguse pale pale penye alama, na ukiona hatari mbele unatamka mwenyewe "Napaa!" na kuongeza moto wa injini upae tena, bila kumngoja mkaguzi. Mkaguzi wangu alikuwa Mwalimu Valentino, mzee mwenye mvi kichwa kizima.

Huku kabla ya kutua unapita chini kwanza kufukuza wanyama. Nilipita, swala wakatawanyika. Niliporudi kutua, nyati akatoka kichakani. Nilimwona mapema kabisa! Mwalimu alikuwa ameinama anaandika. Badala ya kupaa nikaanza, "Samahani mwalimu, naomba nikukatize kidogo, kama utaniruhusu..."

Kwa kasi ile, shangazi! Mjinga mimi!

Pangaboi la puani mwa ndege likamchana nyati, damu ikafunika kioo chote, tukapinduka. Nilijikuta naning'inia kichwa chini, petroli inanidondokea shingoni. Mguu wa mwalimu ulikuwa umebanwa, mfupa uko nje. Akaniambia nitoke nimwache. Nikamfokea, "Nyamaza, mzee! Nishike!" Nikamvuta kwa nguvu zote huku anapiga mayowe. Tulikuwa hatujafika mbali ndege ikawaka moto.

Jana wamemkata mguu. Nilikwenda kitandani kwake kumwomba msamaha, akanitazama kwa hasira: "Yaani ulikuwa unaniomba ruhusa ya kuniokoa?" Nimelia mpaka sauti imekauka. Mbavu zikipona nitarudia mtihani.

Msalimie sana Baba Lea, na binamu Lucas. Mungu awaepushe na mabaya hapo nyumbani.

Halafu, nimesikia bado unampiga Lea makofi kila akikatiza maneno ya wakubwa, kama ulivyokuwa ukinipiga mimi. Shangazi, sikuombi, nakwambia: mwache mtoto aseme.

Wako akupendaye,
Yunis