Upele wa Krismasi

Soweto, Moshi
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui sana na mvua hizi, na yule ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa bila kukutoa jasho. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakwenda shule, baba yao yuko kazini, na mimi bado ni matroni wa mabinti mia mbili wasiojua kutandika kitanda. Eliudi hajambo? Jirani yenu Mama Magdalena aliniambia tulipokutana sokoni Kiboriloni kwamba tangu mkewe Dominika arudi kwao Himo, mdogo wangu anakula akiwa amesimama na kuondoka bila kusema neno. Habari hiyo imeninyima raha.

Utashangaa kupata barua, wakati kutoka hapa hadi Marangu si mbali na simu unayo. Lakini mama, wewe simu unaiweka sauti kubwa, nikiongea na wewe naongea na mtaa mzima. Na nikija mwenyewe utanipakulia mtori kwanza, nikishashiba nitaondoka sijasema kitu. Najijua. Ndiyo maana nimemwomba Ezra, anayeleta maziwa yenu mjini, akukabidhi hii mkononi. Isome mwenyewe, polepole, usimpe mtu akusomee.

Jumatano iliyopita walikuja shuleni madaktari wa ngozi, watu wa utafiti. Mkubwa wao ni binti mdogo wa mjini, Daktari Raya, anaongea taratibu mpaka unahisi wewe ndiye unayepiga kelele. Wanachunguza upele, mama, upele uleule uliotuletea maneno nyumbani. Wanataka kujua lipi lina faida zaidi: kumtibu anayejikuna peke yake, kama tulivyozoea, au kuwatibu siku moja wote wanaolala pamoja, hata asiyewashwa. Siku hizi kuna vidonge. Unapimwa uzito, unameza, na baada ya wiki moja au mbili unarudia. Watoto wadogo na wajawazito hawapewi vidonge, wao wanapakwa dawa mwili mzima. Alisema kuna visiwa huko mbali ambako karibu watu wote walimeza kwa pamoja na upele ukapungua sana. Nikamwambia sisi si watu wa kisiwa, Desemba ikifika tunapanda mlimani kutoka kila upande na kulala wanne wanne. Akasema hilo ndilo lililowaleta.

Nilikuwa nimesimama na funguo zangu kiunoni kama mwenye nyumba, tayari kuwapanga mabinti mstari. Daktari akasema wafanyakazi watangulie, ili wanafunzi wasione haya. Akanishika mkono, akaniwekea kioo kidogo chenye taa katikati ya vidole. Kisha akaniambia nina upele, tena si wa juzi. Nilimjibu kwa ukali kwamba ninaoga mara mbili kwa siku na ndiye ninayewarudisha wengine bafuni. Akatabasamu, akasema kidudu hiki hakijali sabuni. Kinapita ngozi kwa ngozi watu wakilala karibu, na msafi kinampata sawasawa na mchafu. Yale mablanketi mawili ya Dominika uliyoyachoma, mama, yangetosha kufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Akaniambia na jambo lingine. Mtu anayeupata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne, hata sita, ndipo aanze kuwashwa. Sasa fikiri pamoja nami. Dominika alianza kujikuna mwishoni mwa Januari. Ukirudi nyuma wiki tano unaingia Krismasi, nyumba imejaa wageni, na yeye alikuwa hajatia mguu Himo tangu ajifungue mwezi wa tisa. Tena juzi wewe mwenyewe umeniambia mikono inakuwasha, ukasema ametuachia uchafu wake. Mama, ametoka hapo nyumbani sasa wiki sita, na upele haukuondoka naye.

Daktari alitaka majina ya wote niliolala nao tangu Desemba, ili watibiwe siku moja. Niliandika la mume wangu, ya wanangu, na lako pia, kwa ule usiku ulipokuja kujibana kitandani kwetu kwa baridi. Nilipofika kwa Dominika na mtoto, akauliza wako wapi. Nikasema wako kwao Himo. Akauliza kama wamekwenda kusalimia. Nikaangalia dirishani.

Mama, upele ule niliuleta mimi.

Mabinti walikuwa nao mwezi wa kumi na moja, nami niliwapaka dawa kwa mikono yangu. Wiki ya kwanza ya Desemba vidole vikaanza kuniwasha. Nilijua ni nini, kazi yangu ni kujua. Lakini nikajiambia ni sabuni ya kufulia, nikavaa sweta la mikono mirefu, nikapanda kwako na wanangu. Eliudi akahamia chumba cha wanaume, Dominika akanikaribisha kitandani kwake. Siku tisa tulilala blanketi moja, mwanawe Ebenezeri katikati yetu.

Kisha ukaniita Februari nije kuangalia mikono ya wifi yangu, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake mtoto abatizwe, jikoni kumejaa akina mama wanaomenya ndizi. Mama, siku ile chupa ya dawa ya shule ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Januari nilikuwa nimejipaka kwa siri mara mbili, harakaharaka, nikapata nafuu kidogo. Nilimshika Dominika mkono mbele ya watu wote nikatangaza kwamba huu ni upele, na kwamba umetoka kwao. Niliogopa. Umewasifia watu usafi wangu tangu nikiwa msichana, sikutaka wakuone umedanganya. Ukasema aende kwao mpaka apone. Eliudi akainamisha kichwa, na mtoto mwenye jina la marehemu baba hakubatizwa. Nami nikakaa nikamenya ndizi pamoja na wengine. Naona aibu, mama, aibu isiyo na mahali pa kuiweka.

Juzi Jumamosi nilikwenda Himo nikamweleza Dominika yote. Alinisikiliza akiwa ananyonyesha. Mtoto nyayo zake zimejaa vipele. Nilipomaliza akasema alikuwa anajua. Aliiona mikono yangu siku tulipokuwa tunaosha utumbo wa mbuzi, mkesha wa Krismasi. Nikamwuliza mbona alinyamaza hata pale jikoni. Akasema nilipomshika mkono mbele ya wale akina mama, alidhani nataka kuwaambia kwamba ni mimi.

Samahani yangu aliipokea, lakini alisema haimtoshi kuombwa radhi Himo kwa neno lililosemwa Marangu. Ana haki. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, Daktari Raya na wenzake watakuja hapo nyumbani na vidonge na dawa ya kupaka, na siku hiyohiyo watapita kwao Dominika. Watakuja na mizani pia, najua huipendi, panda tu. Mimi nimekwisha kumeza, nitarudia siku hiyo. Kabla hawajafika, waite akina mama walewale, jikoni mlemle. Atakayesema ni mimi, wewe kazi yako ni kuwaita. Dominika atakuja na mtoto, lakini amesema atasimama nje, na ataingia akishasikia kwa masikio yake.

Ukinikasirikia nitaelewa. Kasirika leo na kesho, ila Jumamosi uwaite.

Wasalimie wote, na Mama Magdalena mwambie tutaonana. Barua hii mwonyeshe Eliudi baada ya kuisoma, kisha mwambie mwanawe ameota jino la kwanza, la chini. Nililiona kwa mbali tu. Niliponyoosha mikono nimbebe, mama yake hakunipa.

Ni mimi binti yako,
Loveness