Kichupa Ulichokifunga kwa Pembe ya Kanga

Kwako mke mwenzangu, Bibi yangu wa Mtoni,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea mwenyewe, na mie siwezi kuanza maneno na wewe bila shikamoo, hata kwa kalamu. Sie wazima. Nuru yuko darasa la kwanza na ana mdomo kama wako. Na nimejifungua tena, wa kiume safari hii, hata arobaini haijafika. Ila sikuandikii habari za uzazi. Nakuandikia kwa sababu ya harufu, na usicheke.

Wiki ile ya kwanza alikuja hapa Goba mama mkwe wangu, mama yake Simon, yule mtu wa Njombe anayekaa Chanika. Alikuja kunikanda na kunipikia uji, na kama kawaida yake alikuja na blanketi. Blanketi zito la sufu, Bibi, kwa joto hili la Dar es Salaam! Yeye anaamini mtoto asiye na blanketi atakufa kwa baridi, hata kama wenyewe tunajipepea kwa majalada ya madaftari ya Nuru. Nikacheka moyoni, nikalipokea kwa mikono miwili, nikalikunjua. Ukatoka wewe.

Sijui niseme vipi. Ilitangulia karafuu, ikafuata asumini, ikafuata liwa, halafu kile kitu cha nne ambacho sijawahi kukijua jina. Nilikaa palepale kwenye mkeka, na maumivu yangu yote, nikauingiza uso mzima ndani ya blanketi. Mama akauliza kama naumwa. Nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitufukuza? Kila ikikaribia harusi ya binti wa nyumba yetu, ulijifungia chumba cha uani ukatengeneza mafuta yako. Watoto wote tulitumwa dukani kununua vitu ambavyo vimo ndani tele. "Zuhura, kaniletee kiberiti." Na kiberiti nakiona kimelala dirishani! Nilikwenda mbio, nikarudi mbio, nikalala chini kifudifudi na pua yangu kwenye upenyo wa mlango. Sijui ulikuwa unanionaje. Ulikuwa unasema kutoka ndani, bila hata kufungua, "Pua hiyo nitaikata niiunge mchuzi." Siku moja nikajitia ujasiri nikauliza, "Bibi, umetia mdalasini?" Ukajibu, "Mdalasini wa wapi, napika pilau mie?" Nikajua basi, si mdalasini. Nilikuwa na orodha kichwani ya vitu ambavyo sivyo, na ilikuwa ndefu.

Kisha siku yenyewe ya harusi, kabla bi harusi hajatoka, ulimwita chumbani peke yake. Mie nilichungulia, unajua kabisa kwamba nilichungulia. Ulichovya kidole, ukampaka nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, ukasema, "Nimekuwia radhi, nenda." Mafuta yaliyobaki uliyatia kwenye kichupa, ukaziba kwa pamba na nta. Halafu ukachana pembe ya kanga uliyokuwa umevaa siku hiyo, kanga nzima nzuri, ukakifunga nayo. Mama mdogo Rukia alipewa chake. Dada Mwajuma alipewa chake. Nami nilikuwa nikizihesabu kanga zako zisizo na pembe kwenye kamba ya nguo, nikijiuliza ni ipi itakayochanwa kwa ajili yangu.

Ikaja zamu yangu, nikakuletea Simon.

Ulikuwa unachambua mchele. Hukupiga kelele. Ulipepeta mpaka ukamaliza, watu wamejaa barazani, ukasema, "Sikukulea miaka yote hii uende bomani. Nenda ukitaka, mie siendi." Mama mdogo alijaribu kucheka, hakuna aliyemfuata. Tangu hapo hukuniita tena mke mwenzangu. Nikipiga simu, uko msalani. Nikija, umelala. Wewe uliyekuwa hulali mchana hata ukiumwa!

Siku ya bomani sikujipaka kitu nyuma ya masikio, Bibi. Nilijipulizia shingoni na mikononi, lakini hapo nilipaacha patupu, nimekuwekea nafasi. Niliangalia mlango mpaka karani akaniuliza kama kuna mtu tunamsubiri. Nikamwambia hakuna.

Baada ya miezi saba mama mdogo akapiga simu asubuhi. Nilipofika Mtoni ulikwisha koshwa. Sikupata neno, sikupata ishara, nilipata kanga. Matanga yalipokwisha waligawa nguo zako, na iliyoniangukia mie ni ile ya pindo jekundu lenye michoro ya korosho nyeusi, haina pembe. Nikasema moyoni, hata hapa nimepata mabaki, pembe imekwenda kwa Mwajuma mie nimebaki na shimo. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa kabatini. Sikuivaa.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu siku ile nimekuwa na swali moja tu: ulikufa una radhi na mie, au huna? Mimba ile baada ya Nuru ilipotoka, daktari alinieleza mambo mengi sana. Mie nilikuwa nimelala pale nakuuliza wewe.

Nikikosa jibu, natafuta harufu. Kuna mzee pale Mtoni ana meza ya vichupa vya mafuta, nimemsumbua miaka. "Ongeza asumini kidogo. Punguza karafuu. Hebu tia rihani." Akawa akiniona tu anajifanya anahesabu vizibo. Siku moja akanipasulia, "Mwanangu, wewe hutafuti mafuta, unatafuta mtu." Nikakasirika, nikamnunia. Nina vichupa kumi na kitu kwenye meza yangu ya kioo na hakuna hata kimoja ambacho ni wewe.

Sasa elewa, Bibi, hali yangu siku ile ya blanketi. Mwanamke wa Njombe, ambaye marashi yake ni sabuni ya kipande, amepata wapi harufu yako?

"Mama, hili blanketi lilikuwa wapi?"

"Sandukuni."

"Pamoja na nini?"

"Na vitu."

"Vitu gani?"

"Kunywa uji, mwanangu, unapoa."

Akaondoka na sufuria. Mama huyu hajui kusema uongo, akijaribu anaanza kufagia. Siku hiyo alifagia uwanja mara tatu. Mie nami pua yangu unaijua. Nikafungua begi lake alipokwenda kuoga, astaghfirullah, nikanusa vitenge vyake kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na harufu kwa mbali, vingine hapana. Kwa hiyo si kwamba anajipaka. Kuna kitu kimevuja.

Asubuhi yake nilisikia maji yanamiminwa uani. Nikatoka. Amekaa na beseni, povu la sabuni ya unga limejaa, na blanketi liko mkononi linaelekea majini. Bibi, sikumbuki niliufunguaje ule mlango wala mtoto nilimwacha na nani. Nililidaka ncha moja, yeye ana ncha ya pili, tukavutana, mkwe na mkwe, jirani yuko dirishani anapata sinema ya bure.

"Usilifue! Hiyo ni harufu ya bibi yangu!"

Akaliachia. Alikaa chini kwenye kigoda, mikono ina povu, akasema taratibu, "Najua. Alikuja kwangu."

Kaa vizuri huko uliko, kwa sababu hapa ndipo unaposemwa wewe.

Anasema Jumapili moja kabla ya harusi yetu alikuwa akitoka ibadani, akakuta kinamama wamezunguka kitu getini. Kitu chenyewe ni wewe, na baibui lako, na mwavuli wako mweusi, unauliza kila anayetoka, "Mama yake Simon ni nani?" Getini kwa kanisa, Bibi! Chanika! Wewe ambaye kutoka Mtoni mpaka Mbagala ulikuwa unasema ni safari! Mama alidhani umekuja kumtukana mbele ya waumini. Akakuchukua haraka mpaka kwake. Ulikataa kukaa, ukakubali maji. Ukatoa kichupa, ukamweleza: siku ya harusi, sikio la kulia, kisha la kushoto, na maneno yake. Ukamtaka ayarudie mara tatu.

"Kama mtoto wa darasa la kwanza," anasema. "Nikikosea ananirudisha mwanzo."

Alikuuliza kwa nini usije mwenyewe. Ukamwambia, "Miguu ipo, uso sina. Nilishasema siendi, nimesema mbele za watu. Wewe ni mama yake sasa. Mpake wewe." Ukageuka kuondoka, na anasema ulipofika kwenye michongoma ulisimama ukajifuta macho kwa ushungi, ukidhani haoni.

"Sasa kwa nini hukunipa?" Nilikuwa napiga kelele, Bibi, sitakuficha.

"Nisamehe, mwanangu. Kichupa cheusi, kimefungwa kwa kitambaa, na maneno ya kukariri. Sisi huko kwetu tulikuwaga tunaambiwa watu wa Pwani wana mambo. Nikajua ni dawa, ya kumfunga mwanangu. Kukupa niliogopa. Kukitupa niliogopa zaidi. Ile mimba ilipotoka nilikibeba mpaka chooni nikitupe. Nikakumbuka alivyokuwa anafuta macho, nikashindwa."

Akakirudisha sandukuni, katikati ya mablanketi. Miaka minane! Mie naugua kwa ajili ya kitu kilicho Chanika, ndani ya sanduku la bati, na Krismasi zote tumekwenda kule tukala wali na kuku hatua kumi kutoka kilipo.

Sikumsemesha siku nzima. Akiniletea uji napokea nikiangalia ukuta. Akiniita najifanya nimelala. Mpaka jioni Nuru akaniuliza, "Mama, mbona umelala na macho yako wazi?" Hapo nikashtuka, kwa sababu mchezo ule nilifundishwa na mtu, na ninamjua, na anausoma waraka huu. Nikaamka, nikamwambia mama mkwe tule.

Kesho yake alfajiri akaenda Chanika. Alirudi adhuhuri na kopo la maziwa ya unga, amelikumbatia njia nzima. Ndani mna kichupa. Nta imepasuka, mafuta mengi yamenywewa na mablanketi, yamebaki kama kina cha kidole. Na kitambaa chake, Bibi, ni chekundu, kina nusu ya korosho nyeusi.

Nilikwenda kabatini nikavuta kila kitu mpaka chini. Nikaitandaza ile kanga kitandani, nikakiweka kile kipande kwenye shimo. Nuru ndiye aliyesema: "Mama, inaingia!" Korosho ikawa nzima. Kumbe Mwajuma ana pembe ya kanga nyingine. Kumbe hii niliyoichukia miaka yote hii ndiyo iliyochanwa kwa ajili yangu.

Nililia, Bibi. Nililia kilio ambacho siku ya mazishi yako kilikataa kutoka, mpaka na mtoto naye akaanza.

Mama alikwenda kunawa mikono akarudi. Akanikalisha kwenye kigoda.

"Kulia kwanza, eti?"

"Kulia."

Kidole chake kigumu, cha jembe. Akanipaka sikio la kulia. Akanipaka la kushoto, palepale nilipokuachia nafasi. Akafunga macho kama mtu anayesali, na maneno yako yakatoka kwa sauti ya Njombe, hakukosea hata moja: "Nimekuwia radhi, nenda."

Halafu nikamuuliza, "Niende wapi, Mama, nami nimeshazaa mara mbili?" Tulicheka mpaka chango la uzazi likanikaza tumboni.

Kilichobaki nimekiziba upya, ni cha Nuru. Pembe nitachana kwenye kanga yangu mwenyewe siku yake ikifika. Na nimeshaapa, amlete amtakaye, iwe msikitini, iwe kanisani, iwe bomani, mie nitakuwepo wa kwanza, na kama nitakuwa nimeropoka mbele za watu kwamba siendi, nitakwenda hivyohivyo bila uso.

Ile yako nimeivaa leo, bila pembe yake, ninapoandika. Maswali bado ninayo, unanijua. Nani alikuelekeza Chanika? Ulipanda nini kufika kule? Na kitu cha nne ni nini, Bibi, kwa sababu nimenusa tena na tena na si rihani, si zafarani, na mdalasini tulishautoa? Hayo nitaendelea kukuuliza mpaka tuonane.

Lile moja sikuulizi tena.

Lala salama, uniwie radhi kwa kelele zangu.

Mke mwenzio,
Zuhura