Sauti Iliyoniuliza Habari za Goti

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Umekaa huko mpaka yule paka uliyemwacha mdogo sasa ni bibi kama mimi. Huoni haya? Mkeo anazeeka, wewe kimya. Haya, u mzima? Unakula ukashiba, au bado unakula umesimama, macho kwenye simu? Sisi huku miili ni mizima. Mengine utayasikia.

Barua hii ananiandikia fundi cherehani wa jirani. Najua utauliza kwa nini si mama yako, na kalamu anayo. Subiri, tutafika. Mwandiko ukipinda usinilaumu. Suruali zake nazo ndivyo zilivyo. Nimemlazimisha aliandike na hilo.

Mjukuu wangu, duka la miwani limekufa huku mlango uko wazi. Kila asubuhi baba yako anafungua, anapangusa vioo, anakaa. Kompyuta zote, ya mapokezi, ya chumba cha kupimia macho, na ile ya nyuma wanakokata lenzi, zinaonyesha maandishi mekundu yale yale. Mama yako alinisomea: kuna watu wameingia kwenye mtandao wetu, wamefunga kila kitu, wanataka walipwe ndipo wafungue. Vipimo vya macho ya wateja wote vimo humo, na mashine ya kupimia haisemi kitu bila kompyuta. Jana alikuja yule dereva wa lori, miwani imevunjika, anaomba atengenezewe nyingine kama ile. Baba yako akamwambia vipimo vyake vimefungiwa humo. Nilimshika mkono yule baba wa watu nikamvusha barabara. Nilichoweza ni hicho.

Nikauliza habari za ile diski ya akiba, uliyosema wakishahifadhi kazi zao waichomoe, waifungie kabatini. Baba yako akainamisha kichwa. Tangu uondoke haijachomolewa. Ilikuwa imeng'ang'ania pale kama kupe, na wezi wakaifunga pamoja na zile kompyuta. Nikamwita mvivu mbele za watu. Halafu nikamhurumia. Mwanangu yule, akikosea anakuwa na sura ya mtoto aliyeanguka akamwaga maziwa.

Waliita fundi wa kompyuta. Akachokonoa weee, akasema binti wa mapokezi alitumiwa ujumbe wa uongo, umejifanya umetoka kwa wanaotuuzia fremu, naye akaandika humo neno lake la siri. Lakini neno hilo peke yake lisingefungua, akasema, ilihitajika na ile namba inayoingia kwenye simu yangu mimi, kama ulivyopanga wewe kabla hujaondoka. Basi baba yako akaapa kwamba mama yake hawezi kuitoa hata akatwe kidole, lazima binti aliichukua simu nikiwa nimesinzia. Akamwambia arudi kwao. Binti alilia akisema simu yangu hajawahi kuigusa. Alipopita pale nilipokaa akaniaga kwa adabu, kanga imemziba mdomo. Nami nilikaa nafuta miwani kwa kitambaa, miwani iliyokwisha kung'aa.

Fundi cherehani, hapa andika polepole.

Namba niliitoa mimi.

Simu ililia mchana, kabla ya hayo maandishi mekundu. Sauti ikasema, Bibi, ni mimi, nimebadilisha laini, nina mafua, hebu nisomee namba iliyoingia sasa hivi. Wewe mwenyewe uliniagiza nisimpe mtu yeyote, hata baba yako, ila wewe tu. Sikwenda shule lakini tarakimu nazijua. Nikaisoma moja moja, najisikia mtu wa maana. Tena hakukata simu upesi. Aliniuliza hali, nikamweleza goti langu, akalisikiliza goti lote mpaka mwisho. Hapo ndipo ningepaswa kujua si wewe.

Usicheke. Sauti yako imenitoka kichwani, mjukuu wangu. Aibu hiyo ni yangu, na nusu yake ni yako.

Nimejaribu kumwambia baba yako. Nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama amekula. Leo fundi akiifunga hii bahasha, namwambia. Kisha nakwenda kwao yule binti, kama watanifungulia. Atarudi kazini, au hatarudi, sijui. Na duka kurudi, sijui. Nilitaka wewe ulijue kwanza, ndiyo maana sikumwita mama yako aandike.

Mama yako angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Fundi cherehani anakusalimu, anasema suruali yako ilikwisha kushonwa zamani na wewe huenda umenenepa.

Ukija, usitangulize simu, sitaipokea. Pita mlango wa nyuma, vuta kigoda, kaa mbele yangu uongee. Ongea upuuzi wowote, mpaka sikio hili likukariri upya. Na goti uniulize wewe mwenyewe, usinikatize.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza.