Mustari Yangu Ilibaki Bila Watu

Kwako Mama Riziki, bibi yangu unayelala kaburini pale juu ya kilima,

Mimi iko muzima. Naandika na mukono yangu mwenyewe, hata kama pastori alitaka kunisaidia. Nani hapa Masisi alipandisha miti ya kujenga hii nyumba ya masomo yetu kwenye bega, hawa wadogo wangali hawajazaliwa? Mimi. Wewe ulinifuata na maji, ukicheka: "Utavunja kilima, ao kilima njo itakuvunja?"

Sasa sikia. Jumapili, kisha ibada, komite ya wazazi wa masomo iliitana. Mbao zilifika toka Walikale, nzuri, nyekundu, lakini zinatosha kazi moja tu: choo ya wabinti ao biro, chumba ya kazi ya direkta. Wamama walisema choo, maana wabinti wakikua wanaacha masomo. Nikasimama. Unajua nikisimama watu wananyamaza. Nikasema direkta hawezi kupokea wageni chini ya mvua. Nikaongeza: "Binti yangu Riziki alisoma hapa, pori njo ilikuwa choo yake. Alilalamika siku gani?"

Tukachagua kama desturi yetu: wawili wanasimama mbele, watu wanajipanga nyuma yao, na hakuna kugeuka mpaka wote wamejipanga. Upande wa choo alisimama Mama Zawadi, muuza maharagwe. Mimi nikakaza shingo. Nilisikia miguu mingi, nikajua ni ya kwangu.

Mama Zawadi akaninong'oneza: "Papa, hausikie baridi ku mugongo?"

"Wewe ngoja," nikamujibu.

Tukageuka. Nyuma yangu alikuwa muzee mumoja tu, aliyefuata kivuli cha ukuta. Watu wakacheka. Hiyo ningeivumilia. Lakini mbele kabisa ya mustari ya Mama Zawadi alisimama Riziki wetu.

"Papa," akasema bila hasira, "mimi niliacha masomo mwaka wa tano. Sababu Mama aliijua."

Nikatoka kwenye mustari yangu mwenyewe. Mimi.

Nikakumbuka zile asubuhi. Nilikuuliza mutoto iko wapi, ukasema iko na malaria. Mwezi mwingine, malaria tena. Siku moja nikawakuta shambani, unamufunga kitenge cha pili kiunoni. Niliona na macho yangu, sikuuliza kitu. Nikamuita muvivu mbele ya majirani. Wewe uliinamisha kichwa, ukaendelea kupalilia. Na hilo jina la muvivu nikalitembeza mpaka kule Pinga, nikichekesha watu nalo kwenye pombe.

Kwa nini haukuniambia? Hapana, acha. Ungeniambia, ningepiga kelele.

Juzi tulifanya salongo, kazi ya wote, tuchimbe shimo ya choo. Walinikataza kwa sababu ya uzee, nikachimba. Riziki alileta mihogo, akanitilia kwenye sahani. "Kula, Papa." Neno lilikuwa mudomoni. Mimi ninayesemea wazazi wote bila karatasi, kumuomba binti yangu musamaha kulinishinda. Nikasema tu mihogo imekosa chumvi. Akaenda kuileta.

Zamani wewe njo ulinitengenezea maneno kwa watoto: "Papa yenu alitaka kusema hivi." Leo hakuna wa kunisemea. Nimepita mulango ya Riziki mara nyingi, ninasalimia, ninaendelea na njia kama muntu mwenye haraka. Haraka ya kwenda wapi, sijui.

Pumzika, mama. Haya yangu nimekuletea wewe kwanza, kwa sababu wewe hauwezi kuniangalia usoni.

Bwana yako,
Papa Riziki