Draiva ya Wi-Fi Niliyopewa na Kevo

Jumatano, Kisumu Ndogo

Kwa nini mtu akupe kitu bure halafu akuombe usikichunguze?

Kevo, fundi mwenzangu wa Kawangware, aliniletea draiva ya Wi-Fi, programu ya kuwezesha kompyuta kushika net, kwa flash. Kompyuta moja ya cyber yangu imekataa kushika net tangu niiwekee mfumo wa Linux. "Run tu hiyo, Mwende," akaniambia. "Usijisumbue kuisoma."

Nikaisoma. Katikati ya maagizo kulikuwa na mstari mmoja unaofungua akaunti ya siri ndani ya kompyuta, yenye uwezo wote, kwa jina nisilolijua. Kwenye mashine hiyo ndiko naskani vitambulisho vya akina mama wa hapa, na wananiamini.

Niliweka flash kando, nikadownload source code, yaani maandishi asilia ya draiva, kwa simu kutoka kwa wale walioiandika, nikaicompile mwenyewe iwe programu. Mara ya kwanza iligoma. Kumbe nilikosa faili fulani za kernel, kile kiini cha Linux. Nilipoziweka, Wi-Fi ikashika. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni Kevo akapiga. "Niaje, imeshika?"

"Bado," nikamdanganya.

"Basi nakuja kesho nikuwekee mwenyewe. Wewe unaweza hata kuenda lunch."

Labda alipewa hiyo draiva na mtu, naye hakuisoma. Labda. Lakini hiyo lunch...

Aje tu. Nitamfungulia ule mstari kwa skrini, halafu niangalie uso wake.